Ya Mkataba au ya Mfukoni?

Jumamosi moja niliombwa gari, nami sikulitoa. Nilimpeleka kijana mwenyewe, kwa kuwa barabara za ndani za Goba, hapa Dar es Salaam, nazijua na mikono ya vijana naijua zaidi. Ni mtoto wa jirani, mhitimu wa uthamini wa Chuo Kikuu Ardhi, anafanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa huku akisubiri zamu yake ya kupimwa na Bodi inayosajili wathamini. Asubuhi ile alikuwa na nyumba moja mkononi. Mwenye nyumba anataka mkopo, benki inataka ripoti. Hati ameshaiona, kuta ameshazipima, picha za vyumba vyote na choo cha nje zimo kwenye simu. Kilichobaki ni kimoja tu: viwanja vya jirani vimeuzwa shilingi ngapi?

Jibu la swali hilo halikuwa ofisini. Lilikuwa chini ya mwembe, kando ya banda la chipsi, walipoketi madalali watatu na pikipiki zao. Kijana akamwamkia aliyekuwa mtu mzima kuliko wenzake, akamtajia mtaa, akamtajia na kiwanja kilichouzwa miezi michache iliyopita. Mzee akamwangalia juu hadi chini, kama mtu anayejiuliza huyu katumwa na TRA, watoza kodi, au vipi.

"Mwanangu, unataka bei ya mkataba," akauliza, "au bei ya mfukoni?"

Sijawahi kusikia hali ya uthamini nchini ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Kila mwaka tunajadili namna ya kumpata mthamini bora: asome nini, akae chini ya nani, afanye mtihani gani, asajiliwe na nani. Ni mjadala wa haki. Lakini unamhusu mtu, na mzee wa chini ya mwembe alikuwa anazungumzia kitu kingine kabisa, yaani ile malighafi ambayo mtu huyo, akishasajiliwa na muhuri wake mpya, atatakiwa kuifanyia kazi.

Nianze na mtu kwanza. Wengi wetu tunamchanganya mthamini na mpima, na wengine na dalali. Mpima anakuonyesha mpaka wako unaishia wapi. Dalali anakukutanisha na mwenye fedha. Mthamini anasema kwa maandishi, na kwa sahihi yake, kwamba mali fulani, siku fulani, kwa kusudi fulani, ina thamani ya kiasi fulani. Ndiye anayeitwa benki ikikopesha, ndugu wakigawana nyumba ya marehemu, mahakama ikiuza mali ya mdaiwa, serikali ikipitisha barabara shambani kwa watu. Sahihi hiyo moja inaweza kumwacha mtu na nyumba au bila nyumba, ndiyo maana dola haikubali iwekwe na yeyote anayejisikia kuiweka.

Kwa Tanzania Bara, wathamini kwa miaka mingi waliishi chini ya paa moja na wapima, kwa sheria ya 1977. Mwaka 2016 Bunge likawajengea nyumba yao: Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini na kuipa nguvu za wazi ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuthamini kwa malipo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Anayetaka kuingia anasoma kwanza, kisha anafanya kazi chini ya aliyetangulia, kisha Bodi inampima. Kenya wana Sheria yao ya Wathamini, Sura ya 532, nayo ina Bodi. Rwanda walitunga ya kwao mwaka 2010. Marekani wanahesabu kwa saa: leseni ya kuthamini nyumba za kuishi inataka saa 150 hivi za darasani na saa 1,000 za kazi chini ya msimamizi, na anayetaka ruhusa ya kuthamini mali ya kila aina hufikisha saa 3,000.

Kipindi hicho cha kukaa chini ya mkubwa ndicho kinachomtengeneza mthamini, na ndicho kinachomkwamisha. Kazi ya kwanza ni kushika mwisho wa tepu. Baadaye unachora umbo la nyumba kwenye karatasi mvua ikikunyeshea, unaandika rasimu ya ripoti, mkubwa wako anaikata kwa kalamu nyekundu, unaandika tena. Unajifunza kunusa unyevu ukutani kabla hujauona, na kutambua nyumba iliyopakwa rangi jana kwa sababu mthamini anakuja leo. Hayo hayafundishwi darasani. Tatizo ni kwamba mkubwa mwenyewe anaweza asikutake. Kukufundisha kunamla muda, kosa lako litambebesha yeye lawama, na ukiiva utafungua ofisi mtaa wa pili umnyang'anye wateja. Malalamiko hayo utayasikia Dar es Salaam, na Marekani ni wimbo wa miaka mingi kwamba vijana wenye saa zao za darasani wanazunguka wakitafuta msimamizi wasimpate. Mlango upo na ufunguo upo, ila aliyeshika ufunguo hana haraka.

Hata hivyo huo ni mkwamo wa kawaida wa kila fani inayorithishwa mkono kwa mkono, kuanzia useremala hadi upasuaji. Unaweza kutatuliwa kwa ada, kwa ruzuku au kwa amri ya Bodi. Ulionishughulisha mimi ni ule wa chini ya mwembe.

Kuuelewa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1963 nchi hii ilifuta umiliki wa ardhi wa kudumu uliorithiwa kwa wakoloni. Ardhi ikawa ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mwananchi akabaki na haki ya kuitumia. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ikaenda hatua moja zaidi: ardhi tupu haikuwa na fidia, na palipokuwa na kitu, kilicholipwa ni maendelezo tu, yaani nyumba, kisima, miembe, minazi. Udongo wenyewe kisheria ulikuwa hauna bei. Sina nia ya kuuhukumu uamuzi ule hapa. Ulikuwa na sababu zake, na wanaoucheka leo wengi wao wazazi wao walipata viwanja kwa utaratibu huohuo. Ninachosema ni kwamba ulizaa kizazi kizima cha wathamini waliofundishwa kuhesabu matofali na minazi. Ukimwambia mthamini wa enzi hizo aithamini nyumba, anapima eneo lake, anazidisha kwa gharama ya kujenga mita moja ya mraba, anatoa uchakavu, amemaliza. Hakuhitaji kujua jirani kauza kwa ngapi, maana jirani kisheria hakuwa na cha kuuza isipokuwa kuta.

Watu, bila shaka, waliuza. Viwanja viliuzwa Magomeni na Manzese, na kwenye makaratasi kikauzwa kibanda kilichokuwa juu yake. Wenye umri wangu wanaikumbuka mikataba ya "nyumba ambayo haijakamilika", ukienda kuiona unakuta msingi wa matofali sita na mchongoma. Yaani desturi ya kuandika jambo moja na kulipana jingine haikuanzishwa na mzee wa Goba. Tumeinyonya utotoni.

Mwaka 1999 ndipo Sheria ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji zilipokiri, mwanzoni kabisa kwenye misingi yake, kwamba maslahi katika ardhi yana thamani na thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Kanuni za fidia za 2001 zikafuata, zikasema thamani ni ile ya soko, na kwamba mthamini aifikie kwa kulinganisha na mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana. Pasipowezekana, atumie mapato ya mali hiyo, au gharama za kuijenga upya kwa mali za aina ya pekee zisizouzika sokoni. Ni kanuni nzuri, na ni lugha ileile ambayo wathamini wa London au Nairobi wangeitumia. Imetaja mauzo halisi ya karibuni. Haikusema yatapatikana wapi.

Twende basi kwenye mauzo yenyewe. Muuzaji wa ardhi mkazi wa Tanzania anatakiwa kulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Mnunuzi naye ana ushuru wa stempu, asilimia 1. Wote wawili wakikaa mezani na mwanasheria wao, wote wawili wana sababu ya kuandika bei ndogo. Hakuna wa upande wa pili wa kupinga, kwa kuwa upande wa pili haupo mezani. Kiwanja kilicholipwa milioni 60 kinaandikwa 25, watu wanapeana mikono, soda zinaletwa. (Tarakimu hizo ni za mfano, za kweli za mzee nimeahidi sitazitaja.)

Walio wengi huona huo ni ujanja wa siku moja. Siyo. Mnunuzi aliyekubali kuandikiwa milioni 25 amejifunga mwenyewe. Siku atakapouza kwa milioni 80, gharama yake ya kununua, kwa karatasi, ni 25, na faida inayotozwa kodi imekuwa milioni 55 badala ya 20. Njia ya kutoka ni moja tu, naye aandike bei ndogo. Hivyo uongo unakabidhiwa pamoja na hati, kutoka mwenye mali hadi mwenye mali, na kila anayeupokea analazimika kuulisha. Hata akitokea mtu mwaminifu katikati ya mnyororo, yeye ndiye anayelipa kodi ya waliomtangulia.

Dola inajua. Haikubali bei ya mkataba kwa kuiangalia tu. Katika uhamisho wa miliki inataka ripoti ya uthamini, na Mthamini Mkuu aiidhinishe. Sasa tazama tulipofika. Tumemwita mthamini awe shahidi dhidi ya karatasi za uongo, halafu tumempa karatasi hizohizo ndizo atumie kama ushahidi. Akienda kwenye majalada ya uhamisho kutafuta mauzo ya kulinganisha, anakuta milioni 25. Akienda chini ya mwembe anaambiwa 60, lakini hiyo hawezi kuiambatisha kwenye ripoti kwa sababu haina karatasi. Kwa hiyo anafanya nini? Anachofanya mtu yeyote mwenye akili na hofu. Anarudi kwenye matofali na minazi. Anapima kuta, anazidisha, anatoa uchakavu, na thamani ya kiwanja anaiweka mahali fulani kati ya kusikia na kuotea.

Halafu mteja anapiga simu.

Nimewauliza wathamini kadhaa kuhusu simu hizo na hakuna aliyeshangaa swali langu. Mwenye mali anayetaka mkopo anapenda thamani ipande. Huyohuyo akitaka kumhamishia mwanawe hati, anapenda ishuke. Barabara ikipita, anataka ipande kuliko hata ya mkopo, na atakayelipa fidia anataka ishuke kuliko hata ya kodi. Nyumba ni moja, haijahama, haijaongezwa tofali. Mthamini kisheria halazimiki kumsikiliza yeyote kati yao, lakini ndiye anayelipwa na mmoja wao, na mara nyingi analipwa na yuleyule anayepiga simu. Kinga ya mthamini dhidi ya simu hiyo ni kitu gani? Maadili, ndiyo, Bodi inayafundisha na inayasimamia. Ila kinga iliyo bora kuliko maadili ni kuweza kusema: "Bwana mkubwa, viwanja vitatu vya mtaa wako vimeuzwa mwaka huu, bei hizi hapa, kila mtu anaziona, mimi sina pa kuzipeleka." Mthamini wetu hana maneno hayo. Ana "kwa uzoefu wangu," na uzoefu unabembelezeka.

Marekani walijifunza hili kwa gharama. Miaka ya 1980 taasisi za akiba na mikopo ziliporomoka kwa mamia, na katika vilivyofukuliwa baadaye zilikuwamo ripoti za uthamini zilizopandishwa ili mikopo ipite. Mwaka 1989 bunge lao likatunga sheria iliyolazimisha majimbo kutoa leseni kwa wathamini. Kabla ya hapo sehemu nyingi yeyote angeweza kujiita hivyo. Leseni zikaja, saa zikahesabiwa, mitihani ikafanywa. Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa 2008, na nyumba zilizokopewa kupita thamani yake zikawa tena katikati ya msiba, mikononi mwa wathamini ambao safari hii walikuwa na leseni zao ukutani. Sheria ya 2010 ikabidi irudi kwenye jambo ambalo leseni haikuligusa: nani anaruhusiwa kumpigia mthamini simu, na kumwambia nini. Sitaki kuusukuma mfano huu mbali sana, maana wenzetu wana mifumo ambamo mawakala wa nyumba hubadilishana bei walizouzia, hivyo hata katika jimbo kama Texas, ambako sheria haimlazimishi mtu kutangaza bei ya mauzo, mthamini ana pa kuchungulia. Sisi pa kuchungulia ni banda la chipsi.

Kuna hoja ya kisheria ambayo sijaisikia ikitajwa katika mijadala yetu, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Uthamini ni maoni, na maoni hukosea. Ukosee kiasi gani ndipo uitwe mzembe? Mwaka 1977 jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Uingereza alikisia hivi: mthamini makini anaruhusiwa kuwa juu au chini ya takwimu sahihi kwa asilimia 10, na katika mazingira ya pekee asilimia 15, akivuka hapo, ana maswali ya kujibu. Kesi za baadaye zikachambua zaidi, hata kufika asilimia 5 kwa nyumba ya kawaida kabisa isiyo na mambo. Kipimo hicho kina maana tu kama mahakama inaweza kuijua ile takwimu sahihi ya katikati, na wao wanaijua, kwa sababu mauzo yapo. Ofisi ya ardhi ya Uingereza na Wales inachapisha bei iliyolipwa kwa nyumba zinazouzwa, pamoja na anwani na tarehe, na kumbukumbu zake za wazi zinaanzia Januari 1995. Mtu yeyote anaweza kuzipakua bure usiku wa manane akiwa kitandani.

Hamishia kipimo hicho Goba. Mteja analalamika kwa Bodi kwamba mthamini kampunja asilimia 40. Asilimia 40 ya nini? Mkataba unasema 25, mwembe unasema 60, ripoti imesema 38. Mthamini anaweza kusimama mbele ya kamati ya nidhamu akajitetea kwa unyofu kabisa kwamba 38 ni ya busara, na asiwepo wa kumthibitishia vingine. Hii maana yake ni kwamba leseni yenyewe, kitu ambacho nguvu yake yote ni kwamba inaweza kunyang'anywa, haina cha kunyang'anyiwa. Inaweza kumwadhibu aliyeghushi sahihi, aliyekwenda kuthamini bila kufika, aliyekula rushwa akakamatwa. Aliyekosea thamani, ambayo ndiyo kazi aliyosajiliwa kuifanya, haina namna ya kumfikia.

Anayeumia siyo benki. Benki inajilinda, inachukua thamani ya mauzo ya haraka badala ya ile ya soko, inakopesha sehemu tu ya hiyo, inalala usingizi. Anayeumia ni wa fidia. Kanuni za 2001 zimemfikiria kwa undani unaogusa moyo: zimempa kodi ya pango ya miezi 36 kama nyumba yake imechukuliwa, faida ya miezi 36 kama alikuwa na duka, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kuna aliyekaa akafikiri mtu anahama na nini. Kuna pia posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani ya ardhi kwa wastani wa riba ya benki kwa amana ya miezi 12. Angalia ilivyofungwa: posho imepanda mgongoni mwa thamani. Thamani ikikosewa, kosa linajizalisha.

Kwa wakazi wa Kipawa, Dar es Salaam, palikuwa na dhoruba nyingine. Walithaminiwa mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na wengi walisubiri malipo kwa zaidi ya miaka 10. Katika muda kama huo bei ya kiwanja cha kuhamia haikai kumngoja mtu. Sheria ya 2016 imejibu kilio cha aina hiyo, na hapa naisifu bila kinyongo: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, ikichelewa iongezewe riba, na uthamini ukifikisha miaka miwili bila malipo unakufa, kazi inaanza upya. Kifungu kile kimeokoa watu. Ila kinachoanza upya ni safari ileile ya kwenda chini ya mwembe.

Serikali ina jibu lake, nalo ni thamani elekezi: ofisi ya Mthamini Mkuu inaweka viwango vya ardhi kwa maeneo, mthamini anaanzia hapo. Kenya nao, baada ya fidia za miradi mikubwa kuleta kelele na walanguzi kununua mashamba njiani mwa reli, walitunga sheria mwaka 2019 ya kuwa na faharasa ya thamani ya ardhi kwa ajili ya utwaaji. Naelewa mantiki. Kiwango kimoja kinamnyima mlanguzi nafasi na kinampunguzia mthamini simu. Lakini kiwango cha eneo hakijui kwamba upande huu wa barabara maji ya DAWASA yamefika na upande ule bado, wala kwamba kiwanja cha kona kina mkondo wa maji unaokipita kila masika. Kujua hayo ndiyo kazi tuliyomsomeshea kijana. Na zaidi, kiwango chenyewe kinatokana na nini? Kama kimetoka kwenye mauzo yaliyosajiliwa, basi kimetoka kwenye bei za mkataba. Hata hizo programu za kompyuta zinazosifiwa kwamba zitathamini mji mzima kwa siku moja hazina namna ya kuruka hapo. Zitazidisha milioni 25 kwa kasi ya ajabu.

Nimeambiwa bei za mauzo zisiwekwe wazi kwa sababu watu watavamiwa, au ndugu watakuja kukopa. Hofu ya ndugu naiheshimu, ninao. Lakini bei inaweza kutolewa kwa mtaa, kwa ukubwa wa kiwanja na kwa mwezi, bila jina la mtu na bila namba ya kiwanja, na kwa mthamini hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Pingamizi zito ni la kodi. Watu hawafichi bei kwa kupenda. Wanaificha kwa kuwa kuisema kuna gharama, na gharama ikipanda uficho unapanda. Kenya walipandisha kodi ya faida ya mauzo ya mali kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, juu ya ushuru wa stempu wa asilimia 4 mijini. Hazina ina mahitaji yake. Lakini mthamini wa Nairobi anayetafuta bei za kweli amepewa mlima mrefu zaidi wa kupanda, na sidhani kama kuna aliyemuuliza.

Ningependa sisi tujaribu kinyume, hata kwa muda. Dirisha la mwaka mmoja ambapo mwenye mali anaruhusiwa kutangaza bei ya kweli aliyonunulia zamani, bila adhabu, na bei hiyo ndiyo ihesabiwe kama gharama yake siku atakapouza. Hapo ule mnyororo niliousema unakatika mahali pamoja: mnunuzi wa jana anapata faida kwa kusema kweli leo. Hazina itapoteza kitu mwanzoni. Itapata daftari ambalo haijawahi kuwa nalo. Na dalali naye aingizwe. Watu wanamdharau, lakini katika meza nzima ya mauzo yeye ndiye asiyekuwa na sababu ya kuipunguza bei iliyolipwa, kwa kuwa fungu lake linakatwa kutoka kwenye bei ya mfukoni, haijalishi mkataba umeandika nini. Akiisajili bei aliyolipiwa, pamoja na risiti yake, tutakuwa na chanzo cha pili cha kuipima karatasi.

Yule mzee, kwa taarifa yenu, alitoa zote mbili. Kijana akafungua daftari lake, lile ambalo kila kazi anaiandika ili mkubwa wake aweke sahihi, akachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto akaandika ya mkataba, kulia ya mfukoni. Tukarudi kwenye gari. Njiani nikamuuliza ipi itaingia kwenye ripoti, akasema ataongea na bosi. Baada ya mizunguko miwili mitatu ya mashimo akaongeza kwamba ukurasa ule huenda asiupeleke kwenye Bodi ulivyo, anafikiria kuunakili upya, safu moja.

Nilimwambia asiunakili. Hajanijibu mpaka leo.